Mkataba wangu wa ufrilansa umekatwa, nishtaki au niache? Maswali yenu na majibu

Meseji nyingi siku hizi zinatoka kwa nyie mnaofanya kazi za kujitegemea hapa Dodoma na wilaya za jirani, michoro, tafsiri, video, mifumo, na swali ni lile lile, mkataba umekatwa nifanyeje. Nimechagua chache. Niseme mapema tu kwamba wengi mnapoteza haki zenu kwa kukaa kimya mkisubiri bosi ajirudi huku siku za kisheria zinayoyoma, na inaniuma kila nikisoma.

*Nadizaini mabango ya duka moja Area C. Mkataba ni miezi 6, laki 4 kwa mwezi. Mwezi wa tatu ulipoisha wakanitumia WhatsApp "tumesitisha, asante". Miezi 2 hawajanilipa. Nadai hela ya miezi yote? Dada wa Nkuhungu*

Pole sana dada. Gawa madai yako mafungu mawili maana hayana uzito mmoja. Laki 8 ya kazi uliyokwisha kufanya wakaipokea na kuitumia, hilo ni deni, hata kama mkataba unawaruhusu kusitisha hauwaruhusu kula jasho lako. Ile milioni 1 na laki 2 ya miezi iliyobaki ndo inataka usome mkataba taratibu, kama kuna kipengele kinasema upande wowote unaweza kusitisha kwa notisi ya siku 30, basi cha kudai ni huo mwezi wa notisi, kama hakuna, Sheria ya Mikataba kifungu cha 73 inakupa fidia ya hasara uliyoipata kwa mkataba kuvunjwa, ila hakimu atataka kujua ulifanya nini kupunguza hiyo hasara, kwahiyo ukipata mteja mwingine mwezi unaofuata jua hicho kipato kitahesabiwa.

Anza na barua ya madai. Andika mwenyewe kwa Kiswahili, taja mkataba, kiasi na tarehe, wape siku 14, peleka kwa mkono wakusainie nakala. Wakinyamaza, deni la mkataba lisilozidi milioni 30 unalifungua Mahakama ya Mwanzo, na pale unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Kabla ya kufungua kaangalie BRELA, wanaosajili kampuni na majina ya biashara, mwenye duka ni nani kisheria, jina la kwenye bango mara nyingi sio la kushtakiwa. Na kama mkataba haujalipiwa ushuru wa stempu, ile kodi ya nyaraka, kalipie mapema TRA, wenye duka wasije wakaupinga mahakamani. Jiulize pia kama wana mali, maana kushinda ni nusu tu, kukaza hukumu, yaani kuhakikisha unalipwa kweli, ndo shughuli yenyewe. Kwa duka linalofunguliwa kila asubuhi, mimi ningedai.

*Mwaka na nusu naandika habari za taasisi moja binafsi hapa Kisasa. Naingia saa 2 natoka saa 11, kompyuta yao, ruhusa naomba kwa meneja. Mkataba unaniita mshauri wa kujitegemea. Wiki 2 zilizopita wameniambia nisije tena. Kaka wa Ipagala*

Kaka wewe ndo una haraka kuliko wote, soma hapa vizuri. Jina waliloandika kwenye mkataba halimalizi mambo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, kukiwepo hata dalili moja kati ya zilizotajwa, mfano unaelekezwa namna ya kufanya kazi, wanakupangia muda, wanakupa vifaa, unategemea kipato chao, au umewafanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi 3 ya mwisho. Wewe zako ni nyingi. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ujaze Fomu namba 1, hawatozi ada. Kupinga kuachishwa kazi ni ndani ya siku 30, wiki 2 zimeshaenda, ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu za maana, na "nilikuwa naongea nao vizuri" haitoshi. Nenda wiki hii.

*Hatukuandikishana chochote, nilipiga video ya mradi wao kule Kondoa, nusu wakalipa, nusu wanazungusha.*

Mkataba wa mdomo ni mkataba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, kwahiyo meseji za makubaliano, muamala wa ile advansi na faili ulizotuma vyote tunza kwenye simu yenyewe, usibaki na skrinshoti peke yake halafu ukauza simu. Madai ya mkataba ukomo wake ni miaka 6, muda unao, ila mashahidi wanahama na namba zinabadilishwa.

*Mteja wangu ni halmashauri. Nifungue kesi kesho?*

Hapana. Ukiidai serikali, na hapo zimo halmashauri, wakala na mashirika ya umma, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 na nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, halafu shauri ni la Mahakama Kuu. Hapo tafuta wakili, na kama huna hela ulizia watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Kabla ya yote hayo omba kuonana na mkurugenzi ukiwa na barua mkononi, wakati mwingine tatizo ni hati ya malipo tu imekwama kwa mhasibu.

*Mteja yuko Uingereza, nadai dola 150.*

Soma mkataba unasema mgogoro unaamuliwa nchi gani. Kwa kiasi hicho mwandikie kwa ukali wa adabu, lalamika kwenye jukwaa la mtandaoni mlipokutana, halafu kesi usifungue. Mwakani chukua nusu kabla ya kuanza.

*Nimemposti Instagram kwamba ni tapeli, na kesho naenda polisi.*

Kutolipwa hela ya mkataba ni madai, sio jinai, polisi watakurudisha mahakamani. Na ile posti inampa yeye sababu ya kukushtaki wewe, kwa kumchafua au chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kabla hujadai hata shilingi. Ifute leo, kisha keti uandike barua ya madai.