Moyo mkubwa: mgonjwa au mwenye nguvu?

Maswali ya safari hii karibu yote yamezunguka moyo mkubwa. Nimeyafupisha kidogo.

Daktari, nilipigwa eksirei ya kifua kwa sababu ya kikohozi, nikaambiwa moyo umekuwa mkubwa. Mimi ni mvuvi, nimepiga kasia tangu ujana. Si misuli tu hiyo? (Msomaji, Igombe)

Huenda, mzee wangu, ila usijipe jibu mwenyewe. Eksirei huonyesha kivuli cha moyo. Haisemi kama ukuta umenenepa au chumba kimetanuka, wala damu inasukumwa vizuri kiasi gani. Hayo huonekana kwenye kipimo cha eko, picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, na hospitali ya Bugando wanakifanya. Ni kweli kazi nzito hukuza moyo. Tangu 1899 daktari Henschen wa Uswidi aliona hivyo kwa watu wanaoshindana kuteleza kwenye theluji. Lakini kasia haimkingi mtu na presha. Anza kwa kupima presha, tena wiki hii.

Shikamoo daktari. Kama moyo wa mwanariadha hukua na wa mwenye presha hukua, tofauti iko wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Nyegezi)

Marahaba. Swali lako ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Seli za misuli ya moyo karibu haziongezeki idadi baada ya utoto. Kwa mtu mzima zinazozaliwa upya kwa mwaka hazizidi asilimia 1 hivi. Kwa hiyo moyo hukua kwa kila seli kunenepa au kurefuka. Seli hupokea amri kutoka nje, na amri hiyo hupita kwa protini moja hadi nyingine, kama magunia ya dagaa yanavyopokezanwa mwaloni Kirumba kutoka mtumbwini hadi kwenye lori. Tofauti unayoiuliza iko kwenye amri: nani kaitoa, na imepitia kwa nani.

Mtu akifanya mazoezi, IGF-1, homoni inayofanana na insulini, hushika kipokezi kwenye utando wa seli. Kimeng'enya PI3K huamka, nacho huiamsha protini iitwayo Akt. Seli hujenga protini zaidi, mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, huimarika, na mishipa midogo ya damu hukua sambamba na msuli. Ukiacha mazoezi, moyo hupungua.

Presha ya muda mrefu au valvu iliyobana huleta wajumbe wengine: anjiotensini II, endothelini, noradrenalini. Hawa hutumia vipokezi vilivyofungamana na protini Gq, na ndani ya seli mwendo wa kalsiamu huvurugika. Kalsiamu huwasha kimeng'enya kalsinurini, nacho huondoa fosfeti kwenye protini NFAT, ambayo sasa huingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwatengeneza panya ambao kalsinurini yao haizimiki. Mioyo ilikua kupita kiasi, kisha ikashindwa kazi. Katika ukuaji huu, jeni zilizotumika mtoto akiwa tumboni huwashwa tena, kovu hutanda kati ya seli, na mishipa midogo hubaki nyuma, kwa hiyo msuli mnene unakosa oksijeni.

Vitabu huchora njia hizi kama mistari miwili isiyokutana. Mimi mchoro huo siupendi. Zinaingiliana sana, na hata Akt, ile "nzuri", ikiwashwa mno kwa muda mrefu katika panya, moyo huishia kuugua.

Nina mimba ya miezi saba. Moyo ukikua sasa, utabaki hivyo? (Mama, Buswelu)

Kwa kawaida hapana. Damu huongezeka karibu nusu ya ile ya awali, moyo hukua kidogo kuibeba, kisha hurudi ndani ya miezi kadhaa baada ya kujifungua. Ila ukishindwa kupumua ukilala chali, au ukishtuka usiku ukitafuta hewa, iwe sasa au mtoto akiwa mchanga, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kama unameza dawa za presha losartani au enalaprili, waambie kliniki leo wakubadilishie. Zinaweza kumdhuru mtoto.

Presha imeshuka. Kwa nini niendelee na losartani? (Msomaji, Sengerema)

Imeshuka kwa sababu unaimeza. Tena dawa hiyo huziba kipokezi cha anjiotensini II, mmoja wa wale wajumbe niliomtajia mwanafunzi wa Nyegezi, na ukuta ulionenepa huweza kupungua taratibu. Kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, nayo punguza; chumvi yake ni nyingi.

Eti chatu hukuza moyo akishiba? (Msomaji, Ukerewe)

Ni kweli. Kwa chatu wa Burma, utafiti wa 2005 ulikuta msuli wa moyo umeongezeka asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya mlo mkubwa, kisha ukarudi. Mwaka 2011 ilionekana kwamba asidi tatu za mafuta katika damu yake, zikichanganywa na kudungwa kwa panya, hukuza moyo kwa ile njia ya afya. Nyoka wametufaa hata kabla ya hapo: kaptoprili, dawa ya kwanza ya kumeza ya jamii ya enalaprili, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili. Na kabla hujaniandikia tena: hapana, yale mafuta ya chatu yanayouzwa kwenye vichupa mnadani hayatibu moyo.