Maswali ya Wasomaji: Vidonge vya Usubi, Kuwashwa na Hatari za Kweli

SWALI: Shikamoo daktari. Nimemeza vidonge vya usubi kwa mara ya kwanza. Kesho yake niliwashwa mwili mzima, uso ukavimba, nikapata homa na mitoki. Mume wangu alimeza siku ileile na hakupata chochote. Je, dawa imenikataa? Nikiletewa tena mwakani niache?

JIBU: Marahaba. Usiache. Dawa ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha, ni ivermektini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Mectizan. Hupooza na kuua minyoo wachanga waliotapakaa kwenye ngozi na machoni. Wakifa wengi kwa mkupuo, kinga ya mwili huyavamia mabaki yao, na hapo ndipo yanapotokea kuwashwa, vipele, uvimbe wa uso au miguu, homa, maumivu ya kichwa na viungo, pamoja na mitoki. Kwa kawaida haya huanza ndani ya siku 2 na kutulia baada ya siku chache. Yaelekea ulikuwa na minyoo wengi kuliko mumeo. Mwenye wengi huumia zaidi, hasa dozi ya kwanza. Dozi zinazofuata huwakuta wamepungua, na adha hupungua vilevile.

Mtu mzima atumie parasetamoli kwa homa na maumivu, na kwa kuwashwa atumie dawa ya mzio kama setirizini, miligramu 10 mara moja kwa siku. Ukisimama ukaona kizunguzungu, shinikizo la damu limeshuka: lala chali, inua miguu, kunywa maji, na ukiamka kaa kitako kwanza. Siku hizo usiendeshe chombo cha moto.

Usisubiri nyumbani ukiona kupumua kwa shida, midomo au ulimi kuvimba, kuzirai, ngozi kutoka malengelenge, kuona kupungua ghafla, au kuchanganyikiwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo na useme umemeza dawa gani, lini, na vidonge vingapi.

SWALI: Kwa nini wagawa dawa wanatupima urefu badala ya uzito? Wanangu wawili wamepewa idadi tofauti ya vidonge.

JIBU: Dozi ni maikrogramu 150 kwa kila kilo ya uzito. Mizani huharibika na ni mzigo kubeba, lakini urefu unakadiria uzito vya kutosha kwa dawa hii. Kwa vidonge vya miligramu 3, mwenye sentimita 90 hadi 119 humeza kimoja. 120 hadi 140, viwili. 141 hadi 158, vitatu. Zaidi ya hapo, vinne. Aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Makosa ya kawaida ni kupima mtu akiwa na viatu au kilemba, au fimbo ya kupimia ikiwa imesimikwa kwenye mwinuko. Lingine, tena baya zaidi, ni kumbana pua mtoto anayelia ili ameze: kidonge kinaweza kumpalia na kumuua. Mwacheni atulie, kisha kisagwe na kuchanganywa na maji.

SWALI: Daktari, nimeishi miaka kadhaa kwenye misitu ya Kongo, na siku moja niliona mnyoo akitambaa kwenye weupe wa jicho langu. Sasa vidonge vya usubi vimefika. Nimeze?

JIBU: Usimeze kabla ya kupimwa. Huyo anaonekana ni mnyoo wa jicho, loa loa, anayepatikana Afrika ya Kati na sehemu za Afrika Magharibi. Wachanga wake hukaa kwenye damu. Wakizidi 30,000 kwa mililita moja ya damu, ivermektini inaweza kusababisha madhara makubwa ya ubongo: mgonjwa hushindwa kusimama, hujikojolea, husema ovyo, macho huvilia damu, na anaweza kupoteza fahamu. Mara nyingi haya hutokea kati ya siku ya 1 na ya 5. Hakuna dawa ya kuyarudisha nyuma. Kinachookoa ni uuguzi mzuri hospitalini, ikiwemo kumgeuza mgonjwa na kutomlisha kwa mdomo akiwa hana fahamu.

Damu itolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, kwa sababu wachanga wa loa huzunguka mchana. Sampuli ya usiku inaweza kukudanganya. Mwaka 2015, katika wilaya ya Okola nchini Kameruni, watu walipimwa kwanza na waliozidi 20,000 hawakupewa dawa. Kati ya zaidi ya 15,000 waliotibiwa, hakuna aliyepata madhara makubwa.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Nitapitwa?

JIBU: Ndiyo, kwa sasa. Wajawazito hawapewi, wala anayenyonyesha mtoto aliye chini ya wiki moja. Baada ya hapo idai. Wanawake wengi husahaulika hapa.

SWALI: Nina ivermektini ya ng'ombe ya sindano. Si dawa ileile?

JIBU: Kemikali ni ileile, ila usiitumie. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita; mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 9 tu. Bomba moja la mililita 5 ni zaidi ya mara tano ya dozi, na kuzidisha huleta kutapika, kuyumba, degedege na kupoteza fahamu. Isitoshe, viyeyusho vyake havikutengenezwa kwa ajili ya binadamu.

SWALI: Kwa nini tunameza kila mwaka? Na baba yangu, aliyekwisha kupofuka, ataona tena?

JIBU: Minyoo wakubwa hujificha kwenye vinundu na huishi miaka 10 hadi 15. Ivermektini haiwaui, huwazuia kuzaa kwa miezi kadhaa tu. Doksisaiklini, ikitumiwa kila siku kwa wiki 4 hadi 6, huua bakteria ambao minyoo hao wanawategemea, lakini ni ya kuandikiwa na daktari na haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. DEC, dawa ya matende, asipewe mwenye usubi: inaweza kuharibu macho. Kuona kulikokwisha kupotea hakurudi kwa vidonge.

SWALI: Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nimeze vidonge vya usubi?

JIBU: Mwambie mgawa dawa kabla ya kumeza, na upime ugandaji wa damu siku chache baadaye. Kuna wagonjwa ambao damu yao imekuwa nyepesi kupita kiasi dawa hizi mbili zilipochanganywa.