Tumebandika maadili ukutani lakini watoto bado wanaibiana: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi huku Newala, mkoani Mtwara. Tuna watoto zaidi ya 600 na walimu 11. Mwaka jana tuliamua kujenga maadili shuleni. Tumeandika tunu kumi kwenye kuta za madarasa, kila Jumatatu mstarini mwalimu wa zamu anaeleza moja, na watoto wamezikariri zote, hata wageni wakija huwasifu. Lakini kalamu, madaftari na hela za mihogo zinaibwa kila siku, matusi uwanjani hayapungui, na wakitoka jando na unyago ndiyo kabisa hawasikii. Baadhi ya walimu wanasema dawa ni fimbo. Wengine wanataka tuweke alama za tabia na kumpa zawadi mwanafunzi bora wa tabia. Utamaduni wa malezi shuleni unajengwaje, na tutajuaje kwamba umejengeka?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na sentensi iliyonikaa kichwani ni ile ya kwamba watoto wamezikariri tunu zote kumi na bado wanaibiana. Umeiandika kwa huzuni, nami naichukua kuwa taarifa muhimu kuliko zote ulizonipa. Inakuonyesha kwamba tatizo la shule yako si watoto kutojua. Mtoto wa darasa la pili anajua kuwa wizi ni mbaya. Alilijua hilo kwa bibi yake kabla hajavaa sare. Jumatatu nyingine ya kuambiwa haitamwongezea kitu.

Jambo hili lilipimwa zamani. Marekani, katika miaka ya 1920, watafiti wawili, Hugh Hartshorne na Mark May, waliwapima maelfu ya watoto wa shule uaminifu wao wa vitendo. Njia yao mojawapo ilikuwa hii: watoto wanafanya jaribio, karatasi zinachukuliwa na majibu kunakiliwa kwa siri, kisha kila mmoja anarudishiwa karatasi yake aisahihishe mwenyewe. Aliyebadilisha jibu anajulikana. Walichokikuta ni kwamba kujua mema na kutenda mema vilikuwa na uhusiano mdogo tu, na mtoto yuleyule aliyekuwa mwaminifu hapa alidanganya pale. Mazingira ndiyo yaliyokuwa na nguvu: wenzake darasani wanafanya nini, na je, anaweza kukamatwa?

(Usiijaribu mbinu ile kwa watoto wako. Mtoto akigundua kwamba mwalimu alimtega, umepoteza zaidi ya ulichopima.)

Wapo waliokatishwa tamaa na matokeo hayo. Mimi, baada ya miaka mingi ya ualimu Lindi na Mtwara, huyaona kuwa ni habari njema. Moyo wa mtoto hamwezi kuupanga kama madawati, lakini mazingira ya shule yamo mikononi mwenu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwagusa watoto, kaeni walimu wenyewe, wote 11, bila mgeni. Kipindi cha jumuiya ya ujifunzaji mnachokaa kwa ajili ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, kinatosha. Jiulizeni swali moja: ni mambo gani shule yetu inawafundisha watoto kwa kuyatenda, bila kuyasema? Swali hili linauma, na ndiyo maana shule nyingi hulipita na kwenda moja kwa moja kwenye rangi na maandishi ya ukutani.

Nitakusaidia kuanza. Korosho zikianza kuanguka, Oktoba na Novemba, madarasa ya huku kwetu hupungua. Mtoto yuko mikoroshoni na mama yake siku nne, na kwenye daftari la mahudhurio amewekewa alama kwamba yupo. Anarudi siku ya tano, haulizwi. Yeye na wenzake wote wanajua hakuwepo, na wanajua mwalimu ameandika vinginevyo. Hilo ni somo la uaminifu lililokamilika, lina mwalimu, lina kitabu, lina mifano. Ubao wa tunu kumi hauwezi kushindana nalo.

Angalia pia usafi. Je, vyoo husafishwa kwa nguvu siku ileile mnapopata habari kwamba wathibiti ubora wa shule wanakuja? Basi watoto wamejifunza kwamba usafi ni wa mgeni. Je, mtoto akichelewa kwenye namba ya asubuhi, wanapohesabiwa, anapiga magoti, na mwalimu akiingia saa mbili na nusu hasemi hata samahani? Je, wakati wa kipindi kuna watoto wanachota maji ya nyumbani kwa mwalimu? Na jembe: Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule iwe jamii inayofanya kazi na kuiheshimu kazi. Sisi tumeligeuza jembe kuwa adhabu. Aliyetukana analima, aliyechelewa anafagia, halafu tunashangaa watoto wa wakulima wa korosho na ufuta wanauona ukulima kuwa fungu la walioshindwa. Nakuomba sana, ondoeni kazi za mikono kwenye orodha ya adhabu. Shamba la shule lilimwe kwa zamu, na walimu wakiwa na majembe mikononi.

Chagueni mawili kati ya mtakayoyaorodhesha, myarekebishe kwanza, na muwaambie watoto mstarini kwamba mmeyarekebisha. Ningekuwa wewe, la kwanza lingekuwa daftari la mahudhurio.

Sasa wizi. Nenda darasani uchunguze kitu kimoja: mtoto akija bila kalamu anafanywa nini? Katika shule nyingi nilizozitembelea jibu ni kwamba anachapwa au anatolewa nje. Mtoto huyo asubuhi ana njia mbili, aadhibiwe kwa kukosa kalamu au aichukue ya jirani yake. Anachagua njia isiyouma. Wekeni kopo la kalamu na penseli katika kila darasa, zichangwe na kamati ya shule au zinunuliwe kwa mazao ya shamba lenu. Asiye na kalamu anaazima asubuhi, kiranja anaandika jina, mchana anarudisha. Kalamu chache zitapotea mwezi wa kwanza. Zisiwatishe, endeleeni.

Kando ya kopo weka daftari la vilivyookotwa. Kila kitu kinachookotwa kinaandikwa: nini, wapi, nani ameleta, mwenyewe amepatikana lini. Jina la aliyeleta lisitangazwe mstarini. Mwenye kitu ndiye amshukuru, ana kwa ana.

Nasema hivyo kwa sababu mstari umewahi kuniumiza. Nilipokuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya Lindi, hela za darasa zilipotea, nami nikamtoa mbele mtoto mmoja niliyeamini ndiye, shule nzima ikimtazama. Hela zilikutwa siku ya pili kwenye mkoba wa mtu mwingine kabisa. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, na mama yake alinipokea kwa heshima ambayo sikuistahili. Yule mtoto alikaa wiki tatu bila kuja shule. Tangu siku hiyo kosa la mtoto silizungumzi mbele ya umati, na nimewaomba walimu wote niliofanya nao kazi wasifanye hivyo.

Pakitokea wizi, uzungumzwe darasani ulikotokea, na swali lisiwe “nani kaiba” peke yake. Lawrence Kohlberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alisaidia kuanzisha shule ndogo huko Cambridge, Massachusetts, mwaka 1974, ambako wanafunzi na walimu walikaa barazani na kila mmoja alikuwa na kura moja. Fedha zilipoibwa, baraza lilijadili ni kwa nini wizi ule ni jambo la wote, na likakubaliana kwamba zisiporudishwa, kila mmoja atachanga kumlipa aliyeibiwa. Kuanzia hapo wizi haukuwa tena shida ya mwenye mkoba. Huku kwetu mtu akiunguliwa nyumba jirani huja na makuti bila kuitwa, kwa hiyo watoto wako hawatalishangaa wazo hili. Anza na baraza la darasa la tano na la sita, dakika 30, mara moja kwa wiki mbili. Mwalimu akae kwenye dawati kama wengine.

Kuhusu jando na unyago, niruhusu nitofautiane nawe. Unasema wakitoka huko hawasikii. Hebu fikiri mtoto amepitia nini. Wiki kadhaa za likizo watu wazima wamemweleza kwa nyimbo na vitendo kwamba utoto umekwisha. Ana kungwi au somo, yaani mlezi wake wa jando au unyago, anayemjua kwa jina, ambaye atamuuliza habari zake hata akiwa na miaka 30. Anatolewa kwa ngoma, nguo mpya na vifijo vya mtaa mzima. Kisha shule inafunguliwa, anarudi kwenye dawati lilelile na kuambiwa “we mtoto, nyamaza”. Shule haikumpa jukumu hata moja la mkubwa.

Mpeni. Mwanafunzi aliyerudi kutoka jandoni au unyagoni akabidhiwe watoto wawili wa darasa la kwanza: awavushe barabara, awaonyeshe choo, awasikilize wakisoma. Wiki ya kwanza ya muhula waiteni makungwi na walezi hao shuleni, mkae nao chini ya mwembe, muwaulize waliwaambia wali, yaani watoto waliochezwa, nini kuhusu heshima na lugha. Mtapata maneno ambayo mtoto tayari anayaogopa na kuyaheshimu. Yapo pia mafundisho yasiyolingana na umri wa wali, hasa wanapochezwa wakiwa wadogo sana, na hayo msiyafumbie macho. Lakini kungwi aliyealikwa na kukaribishwa chai atakusikiliza. Aliyesemwa vibaya mkutanoni hatakusikiliza kabisa.

Tumeyajua haya kwa mababu: malezi yanahitaji mtu mmoja anayemjua mtoto. Kwa idadi yako kila mwalimu angebeba kama watoto 55, na hakuna anayeweza kuwajua hivyo. Gawa shule katika makundi ya watoto kama 11, wa madarasa mchanganyiko, kila kundi likiongozwa na wakubwa wawili wa la sita au la saba, na mwalimu mmoja aangalie makundi matano. Ijumaa dakika 15 zinatosha. Walimu wa unasihi wasaidie kuwafundisha wale viongozi.

Fimbo sitaizungumza sana. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu haziruhusu viboko zaidi ya vinne, zinataka mwalimu mkuu atoe mwenyewe au aidhinishe kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kinachofanyika kila asubuhi kwenye shule nyingi kiko nje ya kanuni hizo. Na kwa malezi, fimbo humfundisha mtoto kuangalia nani yupo, jambo lilelile mnalotaka aache kuliangalia.

Zawadi ya mwanafunzi bora wa tabia, iacheni. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kumchagua, na karibu kila mara alichaguliwa mtoto mpole, msafi, ambaye mama yake ana hela ya sabuni. Yule aliyerudisha noti ya elfu kumi huku hajala tangu jana hakuwahi kutajwa. Ripoti zenu tayari zina sehemu ya tabia na mwenendo. Badala ya herufi, mwalimu aandike hapo sentensi moja ya kitu alichokiona: “Mwezi wa tano alimsindikiza mwenzake mgonjwa hadi zahanati.” Somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoingia na mtaala ulioanza Januari 2024, lina mitihani yake, na linatosha kupima mtoto anajua nini.

Mtajuaje kama mmefika? Msimpime mtoto mmojammoja, pimeni shule. Hesabuni kila mwezi vitu vilivyoandikwa kwenye daftari la vilivyookotwa, na vingapi vimewarudia wenyewe. Hesabuni kalamu zilizobaki koponi. Kila muhula wapeni watoto wa la nne hadi la saba vikaratasi visivyo na majina vyenye maswali matatu: ukionewa unajua wa kumwambia? Wiki hii kuna mtu amekutukana? Kuna mwalimu anayejua jina lako na la kwenu? Majibu yasomwe kwenye kikao cha walimu, kisha kwenye mkutano wa wazazi, yakiwa mabaya pia.

Mwaka mmoja ndio muda wa chini. Anza Januari na daftari la mahudhurio na kopo la kalamu, makundi yafuate Machi, mabaraza Julai baada ya likizo ya jando. Halafu Oktoba, korosho zikianza kuanguka, chukua daftari la mahudhurio la darasa la tano, ingia darasani bila kutangaza, uhesabu vichwa. Nitafurahi ukiniandikia ulichokuta.