Jibu: Shahada ya Mkwawa ina uzito sawa na ya Mlimani?

Mdogo wangu, umeuliza kama ukisoma Mkwawa hapo Iringa utapata shahada yenye uzito mdogo kuliko ya Mlimani, yaani kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Hapana. Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, sawa na DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu kule Chang'ombe, Dar. Anayekutunuku shahada ni UDSM yenyewe. Na kwa kuwa kwenu ni Iringa, utalala nyumbani. Kodi ya chumba Dar imewaelemea wazazi wengi, nami naumia nikiona kijana anaahirisha masomo kwa ajili hiyo tu. Ila nguvu ya Mkwawa ni ualimu. Ukitaka uhandisi au sheria, tafuta kwingine, na kabla ya kuomba soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).