Je, daftari la wapiga kura linatosha kumtabiri rais?
Ndugu, umeuliza kama ukijua kila kaunti ya Kenya ina wapiga kura wangapi na ni ngome ya nani, unaweza kumtaja rais mapema. Haitoshi. Daftari si debe. Agosti 2017 waliojitokeza walikaribia asilimia 80. 2022 wakashuka hadi 65 hivi, na Ruto akampita Raila kwa kura 233,211 tu, kati ya zaidi ya milioni 14. Kwa pengo kama hilo, ngome moja ikilala nyumbani hesabu yako imekwenda na maji.

Mimi huchukua waliojiandikisha, nikazidisha kwa asilimia ya waliojitokeza mara iliyopita, kaunti kwa kaunti. Halafu vijana nawapunguza (wananuna, lakini foleni ya alfajiri hujaa wazee).