Usifungue Chumba Kingine: Barua kwa Mwanangu

Chumbageni, Tanga
9 Novemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, na wajukuu wangu wote nawasalimu mmoja mmoja. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu; mara mbili kwa ajili ya maneno, na mara ya tatu kwa ajili ya sauti yenyewe, maana nilikutambua kabisa kuwa unazungumza huku umekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Umeniuliza mimi na marehemu baba yako tuliwezaje kuipaka rangi nyumba hii mpaka ikaisha bila kukata tamaa, ilhali wewe hii ni wiki ya tano huko Mbagala, fundi ameondoka na kazi imebaki nusu, mumeo yuko safarini Tunduma na lori, na kila ukiiona brashi unatamani kulia.

Nianze kwa kukusahihisha: tulikata tamaa, tena si mara moja. Nyumba ya vyumba vinne ilituchukua kuanzia Februari hadi Septemba 1996, kwa sababu rangi tulikuwa tukinunua kwa mshahara, kopo moja au mawili kila mwisho wa mwezi, na katikati ya Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, mimi na baba yako tulikaa siku nne hatusemezani kwa sababu ya rangi ya ukumbi. Wewe unaikumbuka miezi ile kama sherehe kwa kuwa ulikuwa na miaka sita na ulikuwa ukilala nasi sote kwenye godoro moja. Sisi tulikuwa tukihesabu siku kama wafungwa.

Katika maelezo yako, vumbi halikunishtua, wala hizo gharama. Kilichonishtua ni pale uliposema, kama jambo dogo tu, kwamba sebule umeikwangua, chumba cha watoto umekipiga puti ya kulainisha kuta, chumbani kwako umepaka mkono wa kwanza wa rangi, na jikoni umeng'oa makabati. Maana yake nyumba nzima iko wazi kwa wakati mmoja, na hakuna hata pembe moja ambapo unaweza kukaa jioni ukatazama ukuta ambao haukudai chochote. Mwanangu, mtu hachoki kwa kazi aliyoifanya mchana kama anavyochoka kwa kulala katikati ya kazi asiyoifanya. Unaamka, macho yanakutana na ukuta wenye mabaka. Unakwenda kuchemsha chai, unakutana na ukuta mwingine. Unarudi kutoka kazini, sebule nayo inakungoja na unga wake wa puti. Kwa hali hiyo hata mimi ningelia.

Najua hivyo kwa sababu sisi tulifanya kosa hilohilo, na hatukutoka humo kwa akili zetu, bali kwa sababu ya bibi yako mzaa baba, ambaye alituma salamu kwamba atakuja kula nasi Idi ya Kuchinja, na Idi mwaka ule iliangukia mwishoni mwa Aprili. Tulikuwa na siku kumi hivi. Hatukuwa na namna ya kumaliza nyumba, na mama mkwe hawezi kulazwa kwenye chumba chenye ngazi na magunia, kwa hiyo tukarundika kila kitu katika vyumba vitatu, tukavifunga milango, tukakishughulikia kimoja tu. Mvua ilikuwa ikinyesha na rangi haikauki, basi baba yako akaingiza jiko la mkaa chumbani ili kuzikausha kuta. Hilo usithubutu kulifanya, kwa kuwa hewa ya sumu ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini, na sisi tuliokolewa na rehema ya Mungu pamoja na dirisha moja lililokuwa halina kioo. Hata hivyo chumba kilikwisha siku mbili kabla ya Idi. Bibi yako alikaa wiki moja akaondoka, na baada ya hapo, bila mtu kumwambia mwenzake, mimi na baba yako tukawa tunachukua vikombe vyetu vya chai kila jioni tunakwenda kukaa katika chumba kile kilichokwisha. Hapo ndipo tulipoanza kusemezana tena, na hapo ndipo ilipoamuliwa ni chumba gani kifuate.

Basi ushauri wangu ni kwamba uvifunge vyumba vitatu. Usafishe vyombo, uvihamishie sebuleni, uifunike sebule kwa turubai na usahau kwamba ina kuta. Anza na chumba cha watoto, wala usianze na sebule kwa kuogopa wageni, kwa kuwa mgeni hukaa saa mbili akaondoka lakini wale wanaovuta vumbi la puti usiku ni wanao. Ndilo jambo ambalo mtu anayetaka nyumba ionekane nzuri kwanza hulisahau.

Ukishakibakiza chumba kimoja, kipime, maana hesabu hupunguza hofu. Ulisema kina mita 4 kwa 3.5, na kimo cha ukuta ni kama mita 2.8. Mzunguko wake ni mita 15, ukizidisha kwa kimo unapata mita za mraba 42, ukitoa mlango na madirisha zinabaki kama 37. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takribani mita za mraba 10 kwenye ukuta laini uliokwisha kupakwa praima, ile rangi ya msingi, kwa hiyo mikono miwili ni lita saba na nusu hivi, yaani makopo mawili ya lita nne. Nunua yote mawili kwa pamoja na uyachanganye katika ndoo moja kabla ya kuanza, kwa sababu makopo ya rangi iliyochanganywa dukani siku tofauti hutofautiana kidogo, na utofauti huo utauona katikati ya ukuta wakati umekwisha kuchelewa. Ndoo ya lita 20 iliyoko uani kwako ndiyo inayokutisha. Makopo mawili hayamtishi mtu.

Umelalamika pia kwamba umefanya kazi wiki tano na hakuna kinachoonekana. Hiyo ni kweli, na ndiyo asili ya kazi yenyewe. Kukwangua, kuosha, kuziba nyufa, kupiga msasa na kupangusa vumbi ndiyo sehemu kubwa ya kupaka rangi, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo jirani akipita atakupongeza. Mimi nilikuwa mwalimu, nikatumia desturi ya darasani: nyuma ya mlango wa kila chumba niliandika kwa chaki orodha ya kuta nne na dari, na kila ukuta nikauwekea alama ulipokwisha kukwanguliwa, ulipokwisha kuzibwa, ulipokwisha kupigwa msasa, kama daftari la mahudhurio. Baba yako alinicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu nilimkuta ameshika chaki. Kwa kuwa milango hupakwa mwisho, orodha hufutika yenyewe.

Kuhusu chumbani kwako, ambako umepaka mkono wa kwanza ukaona ni afadhali ya zamani, usiuhukumu ukuta kwa mkono wa kwanza, na zaidi ya yote usiuhukumu usiku chini ya taa. Mkono wa kwanza hunyweka bila mpango, pale penye puti kwa namna moja na pale penye rangi ya zamani kwa namna nyingine, na rangi ya maji ikikauka aghalabu hukolea kuliko inavyoonekana ikiwa mbichi. Uache hivyo hivyo. Utaurudia zamu yake ikifika.

Ukuta wa jikoni, huo uliosema umeupaka mara mbili na mara zote mbili umetoa mapovu na unga mweupe, usiuguse tena kwa brashi. Hakuna kinachomvunja mtu moyo kama kurudia kazi moja bila kujua kwa nini inaharibika. Kwanza pajue maji yanakotoka: kata kipande cha nailoni cha ukubwa wa futi moja kwa futi moja, kibandike ukutani, ukizibe kando zote kwa gundi, ukiache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone upande wa ndani, maji yamo ukutani, na yawezekana yanatoka kwenye bomba la sinki au yanapanda kutoka chini, na ule unga mweupe ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu. Hapo anayetakiwa ni fundi bomba, na rangi ingoje mpaka ukuta ukauke, hata kama ni baada ya vuli hii kwisha. Kuacha ukuta huo si kushindwa, na kwenye orodha yako ya chaki usiuandike kabisa.

Milango yenye rangi ya zamani ya mafuta usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, vaa barakoa, wapeleke watoto kwa shangazi yao siku hiyo.

Jambo la mwisho ni saa za kazi. Umesema unaanza ukitoka kazini na kuendelea hadi saa sita usiku, na asubuhi unakuta michirizi. Michirizi ile ni ya mkono uliochoka, nawe unaamka kuirekebisha, yaani usiku unajitengenezea kazi ya mchana. Anza saa kumi na moja, koma saa mbili, hata kama umebakiza ukuta mmoja. Tena kinachomkimbiza mtu na brashi ni ule uoshaji wa saa nne usiku, kwa hiyo kama utaendelea kesho na rangi ileile, funga rola na brashi kwa nailoni, uzikaze zisipate hewa, ulale. Asubuhi utazikuta laini.

Lile kabati letu la mninga unalikumbuka. Mwaka 1996 lilitushinda kulisogeza, tukapaka rangi kulizunguka, na baba yako akawatangazia watu kwamba nyumba imekwisha. Tulipomzika mwaka 2015, vijana walilitoa ili kina mama wapate pa kutandika mikeka, na nyuma yake ukutani likaonekana pande la kijani la mwenye nyumba wa kwanza, lenye umbo la kabati kamili. Shangazi yako, machozi yakimtoka, akasema kumbe huyu bwana alitudanganya miaka 19, nasi tukacheka palepale msibani. Kabati lilirudishwa mahali pake, na kijani kingali nyuma yake.

Jumamosi ijayo nitapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, nishuke Mbezi mchana. Nitakuja na turubai letu na ile ngazi fupi kama kondakta ataikubali. Chumba cha watoto tutakimaliza pamoja kabla sijarudi. Mpaka nifike, usifungue chumba kingine.

Ni mimi mama yako.