Kabla hujampa wakala pesa ya kazi ya upepo baharini

Mwaka 2022 niliuza pikipiki yangu pale Kondele, Kisumu, nikampa wakala mmoja shilingi 90,000. Aliniahidi kwamba baada ya miezi mitatu ningekuwa Bahari ya Kaskazini, kule Ulaya, nikikaza nati kwenye mitambo ya upepo. Mafunzo ya usalama yalichukua siku moja, ndani ya chumba cha ghorofani, bila kamba wala tone la maji. Jioni nikapewa cheti chenye muhuri wa kumeremeta. Mimi ni fundi wa stima, nimepanda nguzo miaka minane, lakini sikushtuka. Akili ilikuwa imeshapanda ndege.

Nilipotuma cheti hicho kwa mwajiri ng'ambo, aliniuliza jambo moja tu: namba yako ya WINDA ni ipi?

Sikuwa nayo, wala sikujua ni nini. Bahari ile inazungukwa na nchi nyingi. Fundi aweza kuwa Denmark wiki hii na Uingereza wiki ijayo, na kila nchi ikimdai kozi yake, kazi italala. Ndiyo maana watengenezaji na wamiliki wa mitambo waliunda shirika la Global Wind Organisation, linaloweka kiwango kimoja cha mafunzo. Ukifuzu katika kituo kilichoidhinishwa, popote duniani, matokeo yako huingizwa kwenye sajili yao, WINDA, na mwajiri huyakagua humo kwa namba yako. Cheti cha mafunzo hayo ya msingi hutumika miaka miwili, kisha unarudia mafunzo. Karatasi peke yake, hata ing'ae vipi, haimshawishi mtu.

Baadaye niliisoma kozi halisi: kazi za juu, huduma ya kwanza, moto, kubeba mizigo, na kujiokoa baharini. Hiyo ya mwisho ni ya wanaokwenda baharini. Wa nchi kavu hawaihitaji. Nimekulia Dunga, kando ya Ziwa Victoria, naogelea kama mbuta, nikadhani nitawaonyesha. Wee! Ndani ya ile suti ya kuzuia baridi nilielea kama gugumaji. Kupanda tu kwenye boti la mpira la kujiokolea kulinimaliza pumzi. Kwa hiyo usijipime kwa ziwa letu.

Sisemi kazi hazipo. Aprili 2023 nchi tisa zilikutana Ostend, Ubelgiji, zikaweka lengo la gigawati 120 za upepo wa baharini kufikia 2030. Mitambo yetu 365 ya upepo ya Loiyangalani, hapa Kenya, ni megawati 310, na gigawati moja ni megawati 1,000, basi piga hesabu mwenyewe. Ila cheti cha usalama si viza na si ufundi. Uwe kwanza fundi wa stima, wa mashine au wa kuchomelea, na ukipata nafasi ya kushika mitambo ya Ngong, Kipeto au Loiyangalani, hata kama kibarua, ichukue.

Wakala akikujia, mwombe leseni yake kisha uikague kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kituo cha mafunzo kitafute mwenyewe kwenye orodha ya shirika nililotaja, usibofye kiungo alichokutumia yeye. Akisema kozi nzima ni siku moja, mwachie chai yake uondoke.

Pikipiki yangu huiona Kondele mara kwa mara. Wameipaka rangi nyekundu.